Harambee Stars 1, Moroko 0: Tulikuwa Wakali ama Tulibahatika Tu?

Ukitaka kuchokoza watu kwa kinyozi, we taja tu mechi ya Kasarani ya tarehe 10 Agosti 2025. Harambee Stars 1, Moroko 0. Hata hujamaliza sentensi, mbogi imeshagawanyika mara mbili.

Upande mmoja: "Buda, hiyo ilikuwa bahati ya mtende. Kipindi cha pili tulikuwa tunaomba Mungu tu."

Upande ule mwingine: "Bahati gani na tulikuwa watu kumi uwanjani? Hiyo ni boli. Wacheni wivu."

Na hapo ndio watu huanza kupandishiana sauti, kinyozi anasahau kichwa cha customer katikati, na hakuna msee anabadilisha mawazo. Shida ni kwamba wote wako na ukweli kiasi. Bahati na ujuzi hucheza mechi moja, dakika zile zile 90, na kuzitenganisha inataka utulie kidogo na uhesabu. Wacha tuhesabu basi.

Kwanza, tukumbushane nini ilitendeka

CHAN ni kombe la Afrika la wachezaji wanaosakata ligi za nyumbani kwao. Hakuna Olunga hapo, hakuna msee wa Ulaya. Kenya, Tanzania na Uganda ndio walikuwa wenyeji, na kwetu ilikuwa mara ya kwanza kabisa kucheza hiyo dimba.

Halafu cheki kundi tulipewa. DR Congo, mabingwa wa 2009 na 2016. Moroko, mabingwa wa 2018 na 2020. Angola, waliofika fainali 2011. Na Zambia. Wasee wengi walikuwa washatuzika kabla mpira uanze kudunda.

Kwa ile mechi ya Moroko, Ryan Ogam alifunga dakika ya 42. Kabla hata watu wamalize kusherehekea, Chrispine Erambo akala kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kwa hivyo kipindi chote cha pili, Stars walikuwa kumi dhidi ya kumi na moja. Wakashikilia. Firimbi ikalia, 1-0.

Na usisahau hii: hao Moroko ndio walibeba kombe. Walipiga Madagaska 3-2 kwa fainali tarehe 30 Agosti, hapo hapo Kasarani. Kwa mashindano yote, timu moja tu iliwachapa. Sisi.

Sasa, kuchapa bingwa inaonekana ni ushahidi tosha kwamba tulikuwa wakali. Lakini pole pole.

Boli inapenda bahati kuliko michezo mingine

Fikiria basketi. Timu inafunga pointi 80 kwa mechi. Ukikosa shuti moja, hata mbili, hata tano, bado uko na nafasi nyingine kibao za kurekebisha. Timu kali ikipatana na timu dhaifu, mara nyingi ile kali inashinda, kwa sababu makosa madogo yanapotelea kwa hiyo lundo la pointi.

Boli haiko hivyo. Mechi ya kawaida inakuwa na mabao mawili ama matatu, ya timu zote mbili ukijumlisha. Kwa hivyo kitu kidogo sana, mpira kugonga goti la difenda, upepo, refa kuangalia kando sekunde moja, kinaweza kuwa ndio mechi yote.

Tufanye hesabu ya darasa la nane. Kwa wastani, shuti kama moja kwa kila kumi ndio huwa goli. Tuseme timu A inapiga mashuti 10 kwa mechi, na kila shuti lina nafasi ya 1 kwa 10 ya kuingia. Unadhani ni mara ngapi hiyo timu itamaliza mechi bila bao hata moja? Jibu ni karibu mara 35 kwa mechi 100. Yaani mashuti kumi, na bado mechi moja kwa kila tatu unaenda nyumbani mikono mitupu.

Sasa timu B imepiga mashuti 4 pekee. Hao nao wako na nafasi kama 34 kwa 100 ya kufunga angalau moja. Ukiweka hizo mbili pamoja, timu B itafunga huku timu A ikitoka kapa karibu mara 12 kwa kila mechi 100. Hakuna uchawi, hakuna refa amehongwa. Ni hesabu tu.

Ndio maana msee akikuambia "wao ndio walipiga mashuti mingi, kwa hivyo tuliwaibia", ameangalia nusu ya picha. Na ule anayesema "tulishinda, kwa hivyo tulikuwa wazuri kuwaliko", huyo pia ameangalia nusu. Ni nusu tofauti tu.

Hiyo xG unaskia kwa TV ni nini?

Ni njia ya kupima ubora wa nafasi badala ya kuhesabu mashuti tu. Kila shuti linapewa namba kati ya 0 na 1. Wanaangalia mashuti mengi ya zamani yaliyopigwa kutoka mahali kama hapo: umbali, upana wa goli penye mpigaji amesimama, kama ni kichwa ama mguu, na kadhalika. Penalti inapewa karibu 0.76, kwa sababu karibu penalti tatu kwa kila nne huingia. Shuti la mbali nje ya boksi linaweza kupewa 0.03. Ukijumlisha mashuti yote, unapata mabao ambayo timu ya kawaida ingetarajiwa kufunga na hizo nafasi.

Tuseme timu moja ilistahili mabao 1.5 na nyingine 1. Ukipiga hesabu ya hizo namba, ile kali inashinda karibu nusu ya mechi, wanatoka sare karibu robo, na ile dhaifu inashinda karibu robo. Soma hiyo tena. Timu iliyozidiwa kwa nafasi bado inashinda mechi moja kwa kila nne hivi.

Kwa hivyo mechi moja ya 1-0, peke yake, haiwezi kukuambia nani mkali. Ni kama kuonja supu kijiko kimoja na kuamua hoteli yote ni tamu. Inabidi uangalie mechi nyingi.

Hapa sasa ndio kesi ya ujuzi inaanza

Angalia matokeo yote ya Stars kwa hiyo CHAN:

- DR Congo: 1-0
- Angola: 1-1
- Moroko: 1-0
- Zambia: 1-0
- Madagaska, robo fainali: 1-1, tukatolewa kwa penalti

Umeona kitu? Mechi tano, bao moja kila mechi. Hatukuwahi kutoka kapa na hatukuwahi kufunga mawili. Upande wa mbele haukubadilika hata siku moja. Kile kiliamua tushinde ama tusishinde ni upande wa nyuma.

Na huko nyuma tulifungwa mabao mawili tu kwa mechi tano. Moja la Angola mapema kabisa, na lingine la Madagaska, ambalo lilikuwa penalti.

Tupige hesabu tena. Tuseme sisi tulikuwa difensi ya kawaida, ya kufungwa bao moja kwa kila mechi kwa wastani. Kwa mechi tano ungetarajia tufungwe tano. Nafasi ya difensi kama hiyo kufungwa mawili ama chini yake, kwa bahati tupu, ni karibu 12 kwa 100. Inawezekana, lakini si kitu ya kuona kila siku.

Halafu ongeza hii. Kwa mechi mbili kati ya hizo tano tulikuwa watu kumi kwa muda mrefu. Dhidi ya Angola, Marvin Nabwani alitolewa dakika kama ya 21, tukacheza zaidi ya saa moja tukiwa tumepungua. Dhidi ya Moroko ni kipindi kizima. Na kwa hiyo yote, baada ya kadi nyekundu, hatukufungwa hata moja.

Mara moja unaweza kusema ni bahati. Ikitokea mara mbili, kwa wiki moja, dhidi ya timu mbili tofauti, hapo inabidi ukubali kuna kitu wasee walikuwa wamefanyia mazoezi. Kujua nani anafunga pengo mwenzake akitolewa, kusimama karibu karibu, kuwasukuma wapinzani wapige kutoka mbali badala ya kuwaachia njia ya katikati. Hiyo ni kazi ya kocha na vichwa vya wachezaji. Haiangukii mtu kutoka juu.

Kitu watu husahau: nani anaongoza hubadilisha mechi

Wale wa "Moroko walitukalia kipindi cha pili" wanasema ukweli, lakini waulize kwa nini.

Timu ikiwa inaongoza 1-0, haina haja ya kukimbilia bao la pili na kuacha mlango wazi. Inarudi nyuma. Timu iliyo chini ndio inalazimika kuja, kupiga krosi, kupiga mashuti hata yale ya kubahatisha. Kwa hivyo ukiangalia namba za mwisho, timu iliyopoteza mara nyingi itakuwa na mpira mwingi na mashuti mengi. Hiyo haimaanishi walikuwa bora tangu mwanzo. Inamaanisha walikuwa na deni na saa ilikuwa inaenda.

Stars walifunga kabla ya mapumziko dhidi ya Congo kupitia kwa Austin Odhiambo, na dhidi ya Moroko kupitia kwa Ogam. Mechi mbili, bao mkononi, kipindi cha pili ni kulinda. Ukiweka kadi nyekundu juu yake, kwani ulitaka wafanye nini? Waende kubishana na Moroko katikati ya uwanja wakiwa kumi? Kupaki basi pia ni ujuzi. Uliza dereva yeyote wa mat, si kila mtu anajua kupaki.

2004: mwaka ambao Benni McCarthy alijua haya yote

Kocha wetu wa hiyo CHAN, Benni McCarthy, hii stori ya bahati na ujuzi anaijua kwa mwili wake.

Mwaka 2004 alikuwa straika wa Porto. Kwa Ligi ya Mabingwa wakapatana na Manchester United. Mechi ya kwanza McCarthy akafunga mawili, Porto wakashinda 2-1. Marudiano Old Trafford, Paul Scholes akafunga moja, halafu akafunga lingine ambalo lilikataliwa kwa kuotea wakati hakuwa ameotea. Hiyo ingekuwa 2-0 na pengine kwaheri Porto. Dakika ya 90, McCarthy akapiga friki, kipa Tim Howard akaitema, Costinha akamalizia. Porto wakapita. Wakaenda hadi fainali na kuichapa Monaco 3-0.

Bahati? Hilo bao la Scholes kukataliwa, ndio, hiyo ni bahati mia kwa mia. Lakini mtu alipiga hiyo friki ikawa ngumu kushika, na mtu mwingine alikimbia kufuata mpira akijua unaweza kutemwa. Na timu ya bahati tupu haishindi fainali 3-0.

Mwaka huo huo, Ugiriki walibeba kombe la Ulaya. Robo fainali wakapiga Ufaransa 1-0. Nusu fainali wakapiga Czech 1-0. Fainali wakapiga Ureno 1-0, kwao Lisbon. Mabao yote matatu yalikuwa ya kichwa. Dunia nzima ililia "bahati!", lakini kitu kikitokea kwa njia ile ile mara tatu mfululizo, jina lake ni mpango.

Lakini sikiza upande wa pili. Hao hao Ugiriki hawakufuzu hata kombe la dunia la 2006. Kwa nini? Kwa sababu ukiishi kwa 1-0, unaishi kwa ukingo. Mpango ni mzuri, lakini siku bao lako moja likikataa kuja, huna kitu kingine mfukoni.

Na hapo ndio Madagaska walitupata

Tarehe 22 Agosti, robo fainali. Alphonce Omija akafunga mapema kipindi cha pili, tukaanza kuona nusu fainali. Madagaska wakasawazisha kwa penalti. Dakika 120, 1-1. Penalti za kuamua, wakatutoa 4-3.

Wengi walisema "hatukuwa na bahati". Sawa, penalti za kuamua ziko karibu na kurusha shilingi. Lakini tukiwa wakweli, kama bahati ilitukataa siku hiyo, ni kwa sababu tuliipa nafasi. Timu inayofunga bao moja kila mechi inahitaji difensi isikosee hata mara moja. Penalti moja tu, na hesabu yote imeharibika. Tungekuwa na bao la pili, hiyo penalti ya Madagaska ingekuwa tu kitu cha kupunguza aibu yao.

Huwezi kusema Moroko tuliwachapa kwa ujuzi mtupu halafu Madagaska walitupiga kwa bahati tupu. Wasee ni wale wale, mpango ni ule ule, bao ni lile lile moja. Ukichukua sifa, chukua na bili.

Maswali manne ya kumaliza ubishi

Wakati mwingine mtu akianza hii stori, kabla upige kelele, uliza:

1. Ni mara moja ama inajirudia? Ushindi mmoja mwembamba ni kelele. Mfululizo ni ushahidi.
2. Nafasi zilitoka wapi? Wapinzani walikuwa wanapiga kutoka mbali na kona mbaya, ama walikuwa ana kwa ana na kipa na wakakosa? La kwanza ni difensi yako. La pili ni huruma yao.
3. Bao liliingia lini? Ukifunga mapema na ukajilinda, usishangae mashuti ya wenzako yakiwa mengi.
4. Ukicheza hiyo mechi mara kumi, ungeshinda ngapi? Kama jibu lako ni moja, hiyo ni bahati. Kama ni tano, mko sawa na mlistahili mnachopata. Kama ni nane, wacha kuniuliza.

Kwa nini hii si stori ya kinyozi tu

Kwa sababu kuna ganji ndani. Kwa hiyo CHAN, Rais Ruto aliahidi kila mchezaji KSh 1 milioni kwa ushindi na KSh 500,000 kwa sare kwenye makundi. Fikiria hiyo. Kama Moroko wangesawazisha dakika ya mwisho, kila msee angepoteza nusu milioni. Mpira mmoja kugonga mwamba na kutoka nje badala ya kuingia ndani, na hiyo ni keja ya mzazi ama school fees ya ndugu zako wadogo. Mchezaji wa ligi yetu haoni hizo pesa mara nyingi. Tukimlipa kwa matokeo pekee, wakati mwingine tunalipa upepo.

Makocha pia. Hapa kwetu kocha akishinda 1-0 mara tatu ni mfalme, akipoteza 1-0 mara tatu ni mwizi, hata kama timu ilicheza vile vile. Septemba 2025, wiki mbili tu baada ya sherehe za CHAN, Gambia walikuja Kasarani wakatupiga 3-1 kwa mechi ya kufuzu kombe la dunia, na watu wale wale waliokuwa wanaimba jina la McCarthy wakaanza kumtafutia ndege. Oktoba tukapiga Burundi 1-0 huko kwao, Ogam tena, kelele ikapungua. Yaani tunaendesha timu ya taifa kama mtu anayebadilisha dawa kila asubuhi kulingana na venye ameamka.

Halafu kuna wewe hapo na mkeka wako. Umeona timu imeshinda 1-0 mara tatu, umejiambia "hawa hawashindwi", umeweka doh ya rent. Kumbuka ile hesabu: timu dhaifu inashinda karibu mechi moja kwa nne. Tuseme umepanga mechi 10, na kila moja una uhakika wa 60 kwa 100. Nafasi ya zote kumi kuingia ni kama 6 kwa 1,000. Ile moja inayochana mkeka kila wikendi haikuchukii wewe. Boli ndio imeundwa hivyo, na kampuni za kubeti zinajua hiyo hesabu vizuri kukuliko. Landlord naye hataki kuskia habari ya xG.

Basi jibu ni gani?

Mimi nasema hivi. Ile mechi ya Moroko, peke yake, ilikuwa na bahati kubwa ndani yake. Ukicheza kipindi kizima na watu kumi dhidi ya timu inayoenda kuwa bingwa, hata ujipange vipi, kuna mpira mmoja ambao ungeingia siku nyingine.

Lakini pointi 10 kwa kundi kama lile, juu ya Moroko waliobaki na 9, bao moja tu limeingia kwa mechi nne, mbili kati ya hizo ukiwa umepungukiwa mtu? Hiyo haiitwi bahati. Hiyo ni difensi iliyofanya kazi yake, ikiomba straika wafunge moja tu, na straika wakafunga moja tu. Kazi iliyobaki ni kutafuta bao la pili.

Kwa hivyo ukirudi kwa kinyozi na mtu akakuambia tulibahatika, mkubalie. Halafu muulize: kama ilikuwa rahisi hivyo, mbona hao wengine wote walioshindana na Moroko hawakubahatika?